Kufunga barabara ya mbele ya shule asubuhi: nyie wenye watoto mnasemaje?

MamaGenge_Dom aliandika:

Mbukwenyi ndugu zangu, poleni na vumbi.

Nina genge la mboga na matunda mkabala na geti la shule ya msingi. Wanangu wawili wanasoma hapo, na wazazi walinichagua kuingia kamati ya shule. Mtaa sitautaja, maana nikiutaja shule itajulikana. Ni upande huu wa Barabara ya Dar es Salaam, kule viwanja vilikojaa nyumba haraka haraka baada ya Serikali kuhamia Dodoma mwaka 2016. Zamani asubuhi ungeona gari moja moja, ya mwalimu mkuu au ya mtu wa mkaa. Sasa hivi ni foleni.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye mkutano wa mtaa uliopita lilitolewa pendekezo kwamba kipande cha barabara kuanzia kona ya lami mpaka getini kwetu, kama mita 200 hivi, kifungwe kwa mnyororo siku za shule kuanzia saa 12:40 hadi saa 1:40 asubuhi. Gari isiingie, bajaji isiingie, bodaboda isiingie. Mtoto apite kwa miguu au kwa baiskeli yake. Watu waligawanyika vibaya, sauti zikapanda, mwenyekiti akaahirisha. Tunakutana tena Jumamosi.

Nawaeleza ninachokiona, kwa sababu waliopinga wengi hawajawahi kusimama pale nje dakika kumi.

Shule ziko mbili zinatazamana. Yetu ya serikali, na ng'ambo ingilishi midiamu ya mtu binafsi. Watoto wetu karibu wote wanakuja kwa miguu, wengine wanatoka mbali, wameondoka nyumbani gizani. Wa ng'ambo wanaletwa: Hiace za shule, Noah, magari ya wazazi, bajaji zimejaza mpaka watoto wanakaa juu ya mapaja ya wenzao, bodaboda na mishikaki yake. Barabara haina pa kutokea mbele, inaishia kwenye korongo. Kwa hiyo kila gari inayoingia lazima igeuze pale pale getini, na kugeuza maana yake ni kurudi nyuma. Mtoto wa darasa la kwanza ni mfupi kuliko buti la gari. Dereva hamwoni hata akitaka kumwona.

Tena barabara yetu inaelekea mashariki. Saa moja kasoro, jua linachomoza moja kwa moja usoni kwa dereva anayeingia. Nawaona wanavyoshusha kile kibao cha kukinga jua huku gari inatembea. Na mvua zikianza Desemba, pembeni panakuwa tope tupu, watoto wote wanapanda juu ya lami kwa sababu hawana viatu vya pili. Hapo ndipo utasikia honi na matusi: "Tokeni barabarani!" Watoke waende wapi?

Muhula huu mtoto wa darasa la pili aligongwa na gari iliyokuwa ikirudi nyuma. Alivunjika mkono. Aliyemgonga ni mzazi mwenzetu, alikuwa amemleta wake, na mama wa watu alilia pale kuliko hata mtoto. Simlaumu kama mtu mbaya. Nasema mahali penyewe pamepangwa kwa namna ambayo mtu mwema anaweza kuvunja mkono wa mtoto wa mwenzake.

Msimamo wangu nauweka wazi: nataka pafungwe. Na wateja wangu wa mafungu makubwa ya ndizi na maparachichi ni hao hao wenye magari, wanaonunua wakishamshusha mtoto. Najua nitapoteza, na bado nataka pafungwe.

Naomba mnisaidie: kuna aliyeona jambo hili likifanyika mahali? Waliopinga kwao walisema nini, na walijibiwa nini?

---

Bajaji_Nkuhungu aliandika:

Shikamoo mama. Mimi naendesha bajaji, nina watoto wa mkataba, wazazi wananilipa kwa mwezi. Nitasema ukweli wangu, usinichukie.

Nina watoto wawili wa chekechea, miaka minne. Mama yao ananikabidhi mlangoni kwake, ananiambia "mwanangu, mfikishe ndani." Ukiniwekea mnyororo mita 200 kabla ya geti, nimshushe nimwache atembee peke yake katikati ya watoto wa darasa la saba wanaokimbia? Nikimsindikiza, bajaji ina wengine wanne, naiacha na nani? Akipotea mmoja pale katikati, nitakayelala kituoni ni mimi.

La pili, mama, tunawajua watu wa kushika minyororo. Leo ni usalama wa watoto, baada ya wiki mbili ukipitisha elfu mbili unafunguliwa. Wenye gari kubwa hawataombwa chochote, tutaombwa sisi.

Mimi sipingi watoto kulindwa, na mimi ni mzazi. Napinga kufunga kabla hamjaniambia nishushe wapi na nimkabidhi nani.

---

Mtoto_wa_Kikuyu_UK aliandika:

Shikamoo mama, hongera kwa kulisimamia hili. Niko London, mwanangu anasoma kwenye shule yenye utaratibu huo huo unaousema, kwa hiyo nakueleza kama mzazi.

Huku mitaa ya namna hii imeshapita 500 katika jiji hili peke yake. Kibao kinawekwa pande zote za kipande cha barabara, kinaonyesha saa za kuzuia asubuhi na saa za kuzuia mchana. Mahali pengi kuna kamera inayosoma namba za gari, ukiingia bila kibali barua ya faini inakufuata nyumbani. Wakazi wa mtaa ule wanapewa kibali, na wenye ulemavu, na magari ya dharura yanapita. Si wazo la jana. Mji wa Bolzano, Italia, ulianza mwaka 1989. Ubelgiji wengi hawatumii kamera: mzazi au mwalimu aliyeruhusiwa anavaa kizibao cha kung'aa, anaweka kizuizi cha mbao, saa ikiisha anakiondoa. Mfano wa Ubelgiji ndio unaowafaa nyie zaidi, hauhitaji umeme wala mtambo.

Kuhusu maoni ya watu: Machi 2025 Paris waliitisha kura wananchi waamue kama mitaa mingine 500 ifungwe kwa magari na kupandwa miti, na kabla ya hapo walikuwa wameshaanza na ile ya mbele ya shule. Theluthi mbili ya waliopiga kura walisema ndiyo. Lakini waliojitokeza walikuwa kama asilimia 4 tu ya wenye haki ya kupiga kura. Wengi walibaki nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi hakikisheni watu wanafika, hasa wale wazazi wa watembea kwa miguu ambao hawazoei kuja mikutanoni.

Lalamiko kubwa kwetu lilitoka mtaa wa pili, kwamba magari yamehamia kwao. Miezi ya mwanzo ilikuwa kweli. Baadaye wengine walianza kuwaleta watoto kwa miguu, msongamano ukapungua. Lakini huku mtu ana njia ya miguu iliyojengwa. Hilo usilisahau unapolinganisha.

---

Mtumishi_Mtumba aliandika:

Mimi ndiye mwenye gari mnayemsema. Siko mtaa wenu, ila yangu ni hayo hayo kwenye shule nyingine.

Ofisi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Nawaacha watoto, halafu nashika Barabara ya Dar es Salaam na malori yake na mabasi ya mikoani. Nikichelewa dakika kumi shuleni, nachelewa nusu saa kazini. Watu wanatuona tunakimbiza magari wanadhani tuna dharau. Tuna woga wa kazi.

Hata hivyo nikiambiwa kuna uwanja pale kabla ya shule, naingia upande huu natokea upande ule bila kugeuza, mtoto anapokelewa na mtu mzima ninayemjua kwa sura, nitashukuru. Sasa hivi kinachonipotezea muda ni kule kugeuza na kusubiriana getini. Kama Bajaji alivyosema: pa kushushia kwanza, mnyororo baadaye.

---

FundiSanifu_Mstaafu aliandika:

Mama, salaam. Nimefanya kazi za barabara maisha yangu yote ya utumishi, sasa nimestaafu niko Makulu na mizabibu yangu. Niongeze yale ya kitaalamu.

Kwanza mamlaka. Mtaa hauwezi kufunga barabara kwa muhtasari wa mkutano peke yake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa kama hiyo yenu, tangu mwaka 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Halmashauri ya Jiji ndiyo yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, na askari wa usalama barabarani ndiye mwenye uwezo wa kumsimamisha dereva. Muhtasari wenu upelekwe kwa mtendaji wa kata, uende kwenye kamati ya maendeleo ya kata akiwepo diwani, nakala TARURA na nakala kwa trafiki. Ombeni kibali cha majaribio chenye tarehe ya mwisho. Ombi la majaribio hupita kirahisi kuliko ombi la kufunga daima. Mkiweka mnyororo bila barua, siku gari la wagonjwa likikwama mtashtakiwa nyie.

Pili, msidhani mnyororo ndio dawa pekee. Dar es Salaam kuna kazi ilianza mwaka 2012, ya shirika la Amend, kwenye shule zilizokuwa na ajali nyingi. Waliweka matuta, vivuko, njia za miguu pembeni, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda njia ya miguu, hata kuhamisha geti likatazama upande wenye magari machache. Watafiti walipolinganisha na shule ambazo hazijafanyiwa, majeruhi walikuwa wamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji. Ni kazi ya Tanzania hii hii, mkienda ofisini itajeni hiyo kabla ya London.

Siri yake ni mwendo. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Mbele ya shule duniani kote sasa wanataka 30, kwa sababu mtoto akigongwa kwa 30 ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko akigongwa kwa 50. Tuta moja lililojengwa vizuri linafanya kazi usiku na mchana, halihongwi wala halichoki. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, peke yake haitoshi, dereva wa Noah anaizoea ndani ya wiki.

Tatu, na hili naliamini kabisa: kufunga bila kutenga pa kushushia ni kuitoa hatari getini na kuipeleka konani. Pale konani kwenye lami ndipo bajaji zote zitasimama, na pale magari yanapita kasi kuliko huko ndani. Pimeni kona kabla hamjapima mnyororo.

Nimalizie na la moyoni. Mpango mkuu wa Dodoma wa mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu wa kutoka Toronto, Kanada, ulitaka mji wa watu wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na kupanda basi. Njia za miguu zilikuwa kwenye ramani. Nimezishika ramani zile kwa mikono yangu. Kwa hiyo mama, anayekwambia wazo lako ni la kigeni, mwambie liko kwenye ramani ya mji huu kabla yeye hajahamia.

---

Mama_Neema aliandika:

Naomba na mimi nisikike. Mwanangu anatumia kitimwendo. Watu watadhani nitapinga kufunga. Nataka pafungwe kuliko nyote.

Kitimwendo hakipiti kwenye changarawe wala tope. Kinapita juu ya lami tu, na juu ya lami ndipo magari yalipo. Kila asubuhi namsukuma nikiwa nimeshika roho yangu mkononi. Saa moja ya lami tupu ingenitosha.

Ila siku ya mvua kubwa tunakuja kwa bajaji, na bajaji hiyo lazima ifike getini. Andikeni kabisa kwenye barua kwamba mtoto mwenye ulemavu na mgonjwa wanapita. Msiseme "tutaelewana pale pale". Pale pale ndipo mtu anapoombwa kujieleza mbele za watu kila siku.

---

MamaGenge_Dom aliandika:

Marahaba wanangu, na mzee wangu wa Makulu Mungu akuzidishie. Nimesoma yote, mengine nimemsomea mwenyekiti wa mtaa kwenye simu.

Bajaji, sikuchukii hata kidogo. Swali lako ndilo lililouvunja mkutano uliopita na hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu. Leo nimefunga genge mchana nikaenda kanisani pale konani. Wana uwanja mpana, una mageti mawili, moja linatazama lami na jingine linatokea barabara ya nyuma. Siku za wiki asubuhi hakuna ibada. Mzee wa kanisa amesema tutumie, sharti lake tusiharibu miti waliyopanda na pasiwe na biashara ndani. Nimekubali hata kabla hajamaliza. Gari inaingia huku inatokea kule, hakuna kurudi nyuma. Hiyo ndiyo habari kubwa niliyo nayo kwenu, na kwangu inazidi mnyororo wenyewe.

Mama Neema, umenifundisha kitu. Nilikuwa nakufikiria kama mtu wa kuruhusiwa, kumbe wewe ndiye wa kwanza tunayemfungia barabara hii. Itaandikwa kama ulivyosema: mtoto mwenye ulemavu, mgonjwa, mama mjamzito, gari la dharura. Wanapita bila kuulizwa. Ninyi mtajulikana kwa waliopo zamu, haitakuwa kazi ya kujieleza.

Wa kupokea watoto: walimu wawili wa ile ingilishi midiamu watakuwa uwanjani, mwenye shule ameshaniambia anaona afadhali hivyo kuliko kelele za getini kwake. Kwetu ni wazazi wa zamu. Wadogo wanapangwa msafara, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, wanatembea zile mita 200 pamoja. Sitaki darasa la saba wapewe kazi hii. Kuna aliyependekeza wao ndio washike mnyororo, nikakataa na nitakataa tena Jumamosi. Mtoto hawekwi kusimamisha gari la mtu mzima.

Kuhusu hela. Kwenye majaribio hakuna faini ya aina yoyote, si elfu mbili si mia. Atakayeingia kwa nguvu namba yake inaandikwa, inapelekwa kwa trafiki, basi. Mgambo hawahusiki. Mnyororo wanashika wazazi wawili wawili, mmoja wa shule yetu na mmoja wa ng'ambo, tena kila wiki wengine. Ukimwona anayepokea chochote, piga picha uniletee gengeni.

Wakazi waliomo ndani ya kile kipande ni nyumba chache na wote tunafahamiana. Yule baba wa nyumba ya pembeni ya korongo ndiye aliyepiga kelele zaidi mkutanoni, anasema gari lake litafungiwa. Nimemfuata nyumbani. Anatoka saa 12:30 kila siku, kabla mnyororo haujawekwa. Siku akichelewa, mzazi wa zamu anatembea mbele ya gari lake mpaka konani. Hajasema ndiyo, lakini alinikaribisha chai.

Mchana sitagusa kwanza. Darasa la kwanza na la pili wanatoka mapema, wakubwa wanatoka saa tisa, wa ng'ambo wana saa zao. Tukitaka kufunga kote tutafunga siku nzima na watu watatuchoka. Mchana tunaomba matuta mawili na kibao cha 30, kama mzee alivyoeleza. Barua ya TARURA naiandika leo, mzee naomba uniangalizie kabla haijaenda, hasa namna ya kuyataja yale ya Amend.

Mtumishi, nakuomba kitu kimoja. Wazazi wenye magari hawanisikii mimi, wananiona muuza nyanya anayetaka kufunga njia. Ukija Jumamosi ukasema yale uliyoyasema hapa, la kwamba ni woga wa kazi na kwamba uwanja utakuokolea muda, watakusikia.

Na nyie wa kutembea kwa miguu, mlio wengi na mnaokaa kimya, njooni. Watakaosema pale ndio watakaoandikwa kwenye muhtasari. Nimepita leo nyumba kwa nyumba mpaka jioni na kesho naendelea upande wa juu. Mama mmoja ameniambia hana cha kusema kwa sababu hana gari. Nimemwambia mtoto wake ndiye anayegongwa, kwa hiyo aanze yeye kusema.

---

FundiSanifu_Mstaafu aliandika:

Ilete barua. Chora na mchoro kwa mkono, uonyeshe kona, uwanja wa kanisa na mageti yake mawili, geti la shule, na matuta mnayoyataka yakae wapi. Mhandisi akiona mchoro ataipeleka mbele. Na tuta la kwanza lisikae getini, likae kabla ya watoto wa kwanza kuanza kuonekana.

---

Bajaji_Nkuhungu aliandika:

Sawa mama. Uwanja wa kanisa naujua, unaingilika vizuri, ila geti la nyuma lina kizingiti cha zege kirefu, bajaji yenye watoto itasugua chini. Kabla ya Jumamosi mwambie mzee wa kanisa turuhusiwe kumwaga kifusi pale. Sisi wa kijiwe tutakileta hicho kifusi na kukisambaza wenyewe Ijumaa jioni.